Bendera ya Qatar Ndani ya Kiuu

Mliponiacha wiki jana nilikuwa nimeketi kitandani kwa Naliaka hapa Kiuu, mtaa wa Ruiru, pazia limeshushwa, kitambaa kichwani, nikiwasalimia watu wa Thika kana kwamba niko Doha.

Nimepata ujumbe wenu. Wengine mmeniita mwongo na sikatai. Mama mmoja wa Juja ameniuliza, "Mtu mzima anajifichaje mwendo wa saa moja kutoka kwa mamake?"

Mama wa Juja, unaanza na siku moja tu. Ya pili inajiongeza yenyewe.

Wewe umeingia leo, sogea nikupe kwa ufupi. Mimi ni Waithira. Nilikuwa na saluni Thika, ile ambayo watu hukaa hata kama hawasuki nywele, bora wapate habari. Niliifunga nikaenda kufanya kazi Qatar. Kanisa zima lilinisindikiza hadi uwanja wa ndege, mabasi mawili, nyimbo njia nzima. Nikawapungia mkono nikaingia, na kule ndani nikaambiwa visa yangu ni ya bandia. Wakala alikuwa amezima simu.

Nje watu wangu walikuwa bado wanaimba. Niambie, wewe ungetokea mlango gani?

Naliaka tulikuwa naye kwenye mafunzo ya kazi za nyumbani kabla hajabadilisha nia ya kwenda Qatar. Yeye ndiye alinifungulia. "Kaa siku mbili tatu utulie," aliniambia. Huu ni mwezi wa tano.

Sasa mambo ya bendera.

Kanisa letu huonyesha ibada kwenye mtandao. Ukiingia kwenye ukurasa wao unaandika jina lako, na kando ya jina inatokea bendera ya nchi uliyoko. Huichagui wewe, mtandao wenyewe unajua. Saa nne na nusu pasta husoma mataifa. "Amerika, sita! Uingereza, wanne!" Kisha hunyamaza kidogo, anajua watu wanangoja. "Qatar, mmoja!"

Na mama yangu husimama.

Ndiyo desturi yetu. Nchi ya mtoto wako ikisomwa unasimama unapigiwa makofi. Mama alikaa miaka mingi akiwapigia wenzake.

Kwa hivyo kila Jumapili nilikuwa naenda Qatar kwa VPN. Wala sikuitafuta mimi. Kule mafunzoni tuliambiana kwamba huko simu za WhatsApp hukwama, mtu aweke VPN mapema ili aweze kuongea na watu wake. Nikaweka kwa simu yangu, na nikaacha nyingine kwa simu yangu ya zamani niliyomwachia mama. Unabonyeza, unachagua nchi, alama ya ufunguo inatokea juu ya kioo, na simu inaapa kwamba uko Doha.

Kwa WiFi ya ploti hii ya vyumba vya kupanga haikuwahi kunisumbua. Mpaka jana jioni stima zikapotea, na WiFi ikaenda nazo.

"Zinarudi," Naliaka akasema jana.

"Zinarudi," akasema tena leo asubuhi, lakini sasa alikuwa anaangalia ile balbu kama mtu anayeomba.

Na leo haikuwa Jumapili ya kukosa. Leo ilikuwa shukrani ya mama.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miezi yote hii alikuwa anaona watu kama moshi. Wiki tatu zilizopita wakamfanyia upasuaji, bandeji zikatoka, akaona. Leo alikuwa anasimama mbele ya kanisa kushukuru, na pasta alikuwa ameahidi kwamba saa tano kamili nitawekwa kwenye kioo kikubwa nimsalimie. Siku zote alikuwa akisomewa tu ile bendera. Leo angeiona yeye mwenyewe.

Nisipotokea, ameshukuru kwa macho ya kuona nini? Nikitokea na bendera ya Kenya, basi heri angebaki na moshi wake.

Saa tatu na nusu nikanunua bando kwa laini yangu. WhatsApp ikafunguka hapo hapo. Nikamwandikia mama, "Niko tayari Mama." Tiki mbili.

Nikabonyeza VPN. Ikaandika: Inaunganisha.

Kale kaduara kakazunguka. Kakazunguka. Nikaweka simu chini, nikaichukua. Bado kanazunguka.

"Zima uwashe," Naliaka akasema.

Nikazima nikawasha. Inaunganisha.

"Weka ile ya ndege, utoe."

Nikaweka, nikatoa. Inaunganisha.

"Jaribu nchi ingine halafu urudi Qatar."

Nikajaribu Uholanzi. Nikajaribu Japani. Leo hakuna nchi ilinitaka.

"Hebu lete." Naliaka akaninyang'anya simu. Yeye ni mtu wa mikono, kitu kikikwama hukipiga kofi. Simu yake mwenyewe ni kabambe, kile kisimu cha vibonye, hata WhatsApp haina, lakini ushauri wa simu anao gunia. "Hii imechoka. Tunaitoa, tunaweka mpya."

"Naliaka, usi..."

"Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"VPN. Sasa ndiyo tunaweka mpya. Wacha presha."

Hatukuweka chochote. Ule ukurasa wa kupakua programu ulifunguka mweupe, ukabaki mweupe. Na wakati huo huo WhatsApp ilikuwa inapiga kengele tu, dada wa kwaya wananitumia picha za mama akishuka kwenye gari, na kilemba kipya, na miwani myeusi ya daktari.

"Lakini data iko!" Naliaka akashangaa. "WhatsApp si inaingia?"

"Inaingia."

"Sasa shida ni gani?"

"Shida ni wewe. Umeniua, Naliaka. Umenizika na umenitupia udongo."

Ilikuwa saa nne kasoro kumi. Ikabidi nitoke nje.

Msinicheke. Kutoka nje mchana kwangu ni hatari kuliko kuvuka barabara kuu nikiwa nimefumba macho. Watu wa Thika wamejaa hapa, mtu haachi kuwa na binamu Ruiru. Na mimi mnavyonijua, mimi ni mtu wa watu. Miezi mitano nimesikia ploti nzima kupitia ukuta. Najua Mwongeli wa mlango wa sita ameacha kuongea na bwanake, najua ni kwa nini, na ushauri wa kumpa ninao, lakini siwezi hata kumwambia hujambo. Njaa ninaijua. Ninawaambia, njaa si kitu ukilinganisha na kusikia habari nusu na kukosa wa kumuuliza nusu iliyobaki.

Nikavaa barakoa, nikavaa kofia ya Naliaka, tukatoka tukiwa tumeinama kama wezi wa kuku.

Kisilu ni fundi wa simu, kibanda chake kiko karibu na wauza samaki wa omena. Alikuwa amefungua. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Niaje madam. Corona imerudi na hatujaambiwa?"

"Nina kifua."

"Pole. Na simu nayo inaugua nini?"

Naliaka akamweleza, akiruka ile sehemu ya kidole chake. Kisilu akauliza, "VPN ya nini?"

"Ya kazi," nikasema.

"Jumapili?"

"Kazi ya Mungu," Naliaka akajibu, uso mkavu kabisa.

Kisilu akatuangalia wote wawili, akaamua si shauri yake. Alikuwa na umeme wake wa sola na simu yake ina data, akanipa hotspot. VPN ikapakuliwa dakika mbili. Nikachagua Qatar. Ufunguo ukatokea juu ya kioo.

Nilitaka kumkumbatia.

"Si ukae tu hapa basi utumie hotspot yangu?" akasema. "Kiti ndicho hicho."

Nyuma yangu mwanamke akashika kipaza sauti. "Omena! Omena ya leo! Mia, mia, mia!"

Sijui mengi kuhusu Doha, lakini sidhani wanauza omena hivyo.

"Nataka ishike kwa laini yangu," nikamwambia. "Nikiwa kwa nyumba, mahali pametulia."

Akazima hotspot. Ufunguo ukatoweka. Kaduara kakarudi.

"Umenunua bando gani?"

"Ya leo asubuhi."

"Sijauliza saa. Ya nini?"

"Ya WhatsApp."

Kisilu akaweka bisibisi chini. "Ya WhatsApp peke yake?"

"Si ndiyo mtandao?"

Alicheka mpaka mama wa omena akageuka. Lakini ninyi niambieni ukweli, ni wangapi kati yenu hununua ingine? Tangu niwe na simu ndiyo hiyo ninayonunua. Ni rahisi, watu wangu wote wako humo, vikundi viko humo, matangazo ya matanga humo. Kwangu mimi WhatsApp ndiyo mtandao, na mtandao ndiyo WhatsApp.

"Sikiza madam," Kisilu akasema. "Hiyo bando ni kama pasi ya mlango mmoja. Askari anakuangalia, anaona WhatsApp, anakuacha upite. VPN nayo inakufunika blanketi kutoka kichwa hadi miguu. Askari haoni WhatsApp, anaona blanketi. Atakufungulia?"

"Hapana."

"Basi. Nunua bando ya kila kitu."

Nikanunua ya kila kitu. Nikabonyeza.

Inaunganisha.

Kisilu akaacha kucheka. Akaivuta simu karibu na uso wake. "Hii sasa ni kitu kingine."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Mimi siwezi kufungua ukurasa wa kanisa bila ufunguo, bendera ya Kenya itanikalia kando ya jina. Naliaka akamwambia Kisilu, "Ndugu yangu, hebu tufungulie kanisa fulani kwa simu yako, tujue wamefika wapi." Kisilu akafungua, akaandika Kisilu, bendera ya Kenya ikakaa kando yake bila wasiwasi wowote. Sauti ya pasta wangu ikajaa kibanda.

"Bwana asifiwe! Mataifa yameingia!"

Nikasogea karibu na simu yake.

"Amerika, saba! Uingereza, wanne! Kanada, mmoja!"

Kisilu alikuwa anapekua mipangilio ya simu yangu, mahali ambapo sijawahi kufika. Mimi niliangalia kile kioo kidogo cha simu yake. Nilijua kinachokuja. Pasta atanyamaza, ataangalia karatasi, ataruka. Na mama atakuwa amejiandaa kusimama, mikono tayari kwenye kiti cha mbele, na macho mapya.

Pasta akanyamaza.

"Qatar," akasema. "Mmoja!"

Kamera ikageuka. Mama alikuwa amesimama, kilemba kipya, kanisa linapiga makofi.

Naliaka akanigeukia polepole. "Si uko hapa?"

"Niko hapa."

"Haiya. Sasa nani yuko Qatar?"

"Nani yuko Qatar?" Kisilu akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hakuna mtu!" tukasema pamoja.

Sikufurahi. Najua mngedhani ningefurahi. Nilihisi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta viatu vya mtu mwingine mlangoni. Ile nafasi ya uongo nimeilinda miezi mitano, na leo kuna mtu ameikalia.

"Na hii nani aliiwasha?" Kisilu akauliza.

Kilikuwa kile kitu cha kuokoa data. Nilikiwasha mimi mwenyewe mwezi wa pili, Naliaka alipoleta wapwa zake wakaanza kuniomba hotspot waangalie tamthilia.

"Ukiwa na WiFi haina shida nawe," Kisilu akaeleza, "ndiyo maana kwa nyumba ilikuwa sawa. Ukija kwa laini, inakata chochote kinachofanya kazi nyuma ya pazia. Na VPN kazi yake yote ni nyuma ya pazia. Umejifungia mlango mwenyewe, madam."

Akabonyeza mara moja tu. Kaduara kakazunguka nusu. Ufunguo.

Kwa laini yangu. Kwa data yangu.

Saa tano kasoro dakika kumi. Tulikimbia. Sijali ni nani aliniona, mtu akikimbia hivyo watu humpisha tu.

Naliaka akatundika shuka nyeupe ukutani, nikatupa barakoa, nikafuta jasho, nikaacha kidogo kwa sababu Doha ni joto. Nikafungua ukurasa wa kanisa. Nikaandika Waithira. Bendera ikatokea, nyeupe na ile rangi ya damu ya mzee.

Kisha nikaona idadi. Qatar: 2.

Nikatafuta kwenye orodha. Waithira, bendera ya Qatar. Na juu yake, Waithira, bendera ya Qatar.

"Mayie," Naliaka akanong'ona. "Umezaa pacha?"

Kabla sijajibu, WhatsApp ikalia. Ilikuwa Bedan, yule wa mitambo ya kanisa, kijana mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimeketi.

"Dada Waithira, usiogope. Ile ya juu ni mama yako. Tangu macho yafunguke anasoma kila kitu kwa ile simu uliyomwachia. Bado ina akaunti yako. Kila ukiingia mahali kwa akaunti hiyo, inamtumia taarifa kwamba umeingia ukiwa Ruiru. Alinipata kwenye mazoezi ya kwaya akaniuliza kama Qatar pia kuna Ruiru."

Ujumbe wa pili ukaingia.

"Sikuweza kumdanganya. Leo ulipochelewa aliniambia nimwonyeshe ile ya ufunguo. Alisema hataki pasta afike Qatar anyamaze."

Miezi mitano. Zile taarifa zilikuwa zinalia mkononi mwake miezi mitano, na hakuwa na macho ya kuzisoma. Mimi nilifunga pazia, nikafunga mlango, nikafunga mdomo. Simu ya zamani sikuikumbuka hata siku moja.

Na alipojua hakunipigia. Hakupiga kelele. Alienda Qatar yeye mwenyewe, akiwa ameketi kwenye benchi la kanisa, ili mwanawe asomwe.

Nilipoangalia kioo tena, Waithira wa juu alikuwa ametoka. Qatar: 1.

"Na sasa," sauti ya pasta ikasema, "tumlete binti yetu!"

Uso wangu ukajaa kioo cha kanisa. Niliwaona wote, watu wangu, kelele zao, wengine wananipungia kwa mikono miwili. Huzuni ya kuwaona watu wengi hivyo na usiweze kumgusa hata mmoja, nikipata maneno yake nitawaandikia.

"Waithira! Bwana asifiwe!"

"Amina, Pasta."

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa tano pia, Pasta. Saa zetu na za huko ni sawa." Nadhani hilo ndilo neno la pekee la kweli nililowahi kuwaambia kuhusu Qatar.

Mama akapewa kipaza sauti. Alikuja mbele polepole, akasimama chini ya kile kioo kikubwa, akavua miwani myeusi. Sikuwa nimeona macho yake yakiwa safi hivyo tangu nikiwa msichana.

"Waithira."

"Mama."

"Nakuona."

Kanisa likalipuka makofi. Wengine wakalia.

"Nakuona vizuri sana," mama akasema. "Umekonda."

Wakacheka. "Nakula, Mama. Nakula vizuri."

"Huyo anayekupa chakula huko, mwambie nimeshukuru."

Nyuma ya simu Naliaka akajiziba mdomo kwa pindo la leso.

"Pasta," mama akasema, "nina swali moja kwa mwanangu. Niruhusu."

"Uliza, Mama. Leo ni siku yako."

Akanitazama. Hakuangalia bendera hata kidogo.

"Waithira, nikitoka hapa nije nikuone, nishukie wapi?"

Kanisa zima likaangua kicheko. "Mama Waithira anataka kupanda ndege leo leo!" pasta akasema, akijipiga paja, na wapiga vinanda wakaongeza kelele zao. Bedan peke yake, kule nyuma, alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama hakucheka. Alisimama pale na kipaza sauti mkononi, macho yake mapya juu yangu, akingoja nimjibu.